Mdiria na Mstari wa Ellepola

Mstari ulikuwa umefutwa tena. Iranthi aliliona hilo kabla hata ya kupiga mswaki, na asubuhi yake ikaharibika papo hapo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kompyuta mapajani, nywele timtim, akafungua historia ya ukurasa na kumkuta mtu yule yule wa siku zote, anayejiita Simba wa Kandy. Pale pa kueleza sababu ya kufuta, Simba alikuwa ameandika: "Uzushi wa wenye wivu."

Iranthi akaurudisha. Mstari wenyewe haukuwa na makeke. Ulisema kwamba katika mechi ya majaribio ya kriketi, ya kuchagua timu ya kwenda Uingereza, Tissa Ellepola alidai kuwa ameudaka mpira wa mpigaji Selvadurai Yogarajah kabla haujagusa chini, na hivyo kumtoa. Kwamba mwamuzi alikubali neno lake. Kwamba picha iliyotoka gazetini kesho yake ilielekea kuonyesha mpira ukigusa nyasi. Na kwamba Ellepola mwenyewe amekana siku zote. Hakuna sifa, hakuna tusi. Mwishoni kulikuwa na kijinamba cha kumpeleka msomaji kwenye gazeti lililoandika habari hiyo. Iranthi aliwahi kushinda kutwa nzima akiupima mstari ule, akiondoa "ilionyesha" na kuweka "ilielekea kuonyesha", kwa jicho lile lile analopimia mizani ya wauza mboga wa Katugastota. Hiyo ndiyo kazi yake ya mshahara, afisa wa vipimo. Ile ya kuhariri kamusi elezo ya mtandaoni haimlipi kitu, inamla tu usingizi.

Pale pa sababu aliandika: "Una chanzo. Tafadhali tumia ukurasa wa majadiliano." Chini yake likatokea jina analolitumia huko mtandaoni, Mdiria. Kisha akafunga kompyuta, akanawa uso, akaenda mezani kunywa chai na Tissa Ellepola, ambaye ni baba yake mzazi.

"Karudisha tena yule ndege," alisema mzee kabla binti hajavuta kiti. Simu ilikuwa bado mkononi. Bandula alikuwa ameshampigia, na Bandula ndiye huyo Simba wa Kandy. Walicheza timu moja ujanani, sasa ni mstaafu wa bima, na tangu astaafu hana shughuli nyingine ila kumpigania rafiki yake.

Iranthi akauliza ndege gani, akijimiminia chai na kuitazama ikijaa.

"Ndege gani! Mwanaume mzima anajiita Mdiria. Lazima aliachwa kwenye timu ya shule yao, ndiyo maana ana kinyongo na wachezaji. Mtu kama huyo hana mke. Angekuwa na mke, saa hizi angekuwa ametumwa sokoni."

"Huenda ni mwanamke," alisema Mama Swarna, akisogeza sahani ya vibibi na sambali, chachandu ya nazi, katikati ya meza.

"Mwanamke gani ana muda wa upuuzi huo?"

Kipande cha kibibi kilimkwama Iranthi kooni, ikabidi mama yake ampige mgongoni.

Mtu akikwambia kuhariri kamusi elezo ni kazi ya watu waliotulia, usimwamini. Kwanza watu hao hawatulii. Wanaamka kuangalia nani kagusa nini, wanakula huku wanaangalia, wanafika harusini wanaangalia chini ya meza. Pili wana kanuni, na kanuni zao hazina huruma. Usiandike jambo ambalo halijachapishwa mahali pa kuaminika. Usimsifu mtu, usimponde. Anayeandikwa akiwa hai, ongeza uangalifu mara mbili, maana ana mama, ana majirani, na anaweza kuumia. Na kubwa kuliko zote: kama mtu ni ndugu yako, jitokeze useme, kisha kaa kando uwaache wengine waandike.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ikimtafuna Iranthi. Hakuingia kwenye ukurasa ule kwa nia mbaya. Kitu cha kwanza kabisa alichogusa ni mahali alipozaliwa baba yake. Waliandika Kandy, yeye akaweka Gampola, kwa sababu bibi yake alimsimulia jinsi uchungu ulivyomshika ndani ya gari moshi hadi akajifungulia kwenye nyumba ya mkuu wa kituo. Hakuna aliyemuuliza chanzo. Baadaye kipindi kimoja cha televisheni kikaifufua ile picha ya zamani, na wahuni wakaja kuandika kwamba Ellepola ni mwizi. Akafuta "mwizi". Na kwa vile haki ina pande mbili, akafuta na "mdakaji hodari kuliko wote waliowahi kuzaliwa", maneno ya Bandula hayo. Halafu akabaki. Kila siku alijiambia kesho atajitangaza, na kesho ikawa na kesho yake, mpaka Mdiria akawa mhariri anayeheshimika, anayewafundisha wageni kanuni ambayo yeye mwenyewe anaivunja.

Siku zote hizo hakuwahi kumuuliza baba yake kama mpira uligusa. Nyumbani mechi ile haikuwa mazungumzo ya mezani. Mgeni akithubutu kuitaja, mzee alijibu kwa maneno mawili yale yale aliyowapa waandishi wa magazeti, "Nilidaka safi," kisha akaomba chai. Iranthi alikuwa amegundua tangu utotoni kwamba akisema hivyo huitazama mikono yake, si uso wa aliyemuuliza. Hilo nalo halina chanzo, kwa hiyo hakuliandika popote.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hivyo, mmoja akifuta na mwingine akirudisha, kama shule ya zamani ya mzee isingeamua kuliita jukwaa jipya la uwanja wake kwa jina la Ellepola. Sherehe ilipangwa Jumamosi. Katibu wa kamati alipiga simu kwa furaha kueleza kwamba watachapisha kijitabu cha maisha yake na kwamba hawatahangaika kuandika upya, watachukua kutoka kamusi elezo, kwa kuwa pale hakuna upendeleo. Katibu akaongeza jambo jingine ambalo alidhani litampendeza mzee. Wamemwalika Yogarajah, anakaa Wattala siku hizi, na amekubali kuja.

Tangu simu ile mzee hakukaa. Alizunguka barazani kutoka nguzo hadi nguzo, akaanza kumwagilia maua mvua ikinyesha, akamfokea paka. Yogarajah alikuwa karibu kutimiza mikimbio mia, fahari ya kila mpigaji, siku ile alipotolewa. Ellepola akapanda ndege kwenda Uingereza na kurudi na jina. Yogarajah akarudi kazini kwenye ghala la bandari na hakuchaguliwa tena. Sasa watu wote wa uwanjani watashika kijitabu mkononi, na mstari ule utakuwa ndani, na Yogarajah atakuwa ameketi safu ya mbele akiusoma.

"Mstari ule uondoke kabla ya Jumamosi," mzee alimwambia Bandula kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeomba panadoli. "Fanya unavyojua."

Bandula akafanya anavyojua. Siku iliyofuata, kwenye ukurasa wa majadiliano, mbele ya wahariri wa dunia nzima, aliandika: "Mdiria, wewe ni nani? Una undugu au ugomvi na Ellepola? Jibu waziwazi."

Iranthi alilisoma swali hilo akiwa sokoni, mbele ya mizani ya muuza vitunguu. Akaandika "Ndiyo", akalifuta. Akaandika "Mimi ni", akafuta tena. Muuza vitunguu akamuuliza kama mizani ina kasoro, naye akajibu haina, akaipiga muhuri, na alipofika mwisho wa safu ndipo akakumbuka kwamba hakuiwekea hata jiwe moja la kupimia. Ilibidi arudi kuomba radhi na kuipima upya. Jioni alimjibu Bandula hivi: "Tujadili makala, tusijadili wahariri."

Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa kanuni na la ovyo kwa utu, na alilijua hivyo wakati anabonyeza. Alilala akijigeuza. Ukisema ukweli, utaambiwa uondoke kwenye ukurasa, mstari utafutwa, na baba atajua aliyemsumbua siku zote anakula naye meza moja. Ukinyamaza, wewe ni mwongo mwenye kanuni nzuri. Na huko kote, kumbe, hujui hata kama mpira uligusa.

Ikafika siku ya Poya, sikukuu ya Wabudha ya mwezi mpevu, ofisi zimefungwa na maduka ya pombe yamefungwa. Mama Swarna alivaa nyeupe, akabeba maua yake ya araliya, akaenda hekaluni. Mzee alisingizia magoti. Alibaki sebuleni na tableti aliyotumiwa na mwanawe wa Melbourne, ile inayolia tik kila herufi inapoguswa, maana hakuna aliyejua kuizima sauti. Iranthi alikuwa chumbani kwake, ukuta mmoja tu katikati, akijifanya anakunja nguo. Mvua ilikuwa inanyesha.

Tik. Kimya kirefu. Tik, tik. Mzee huandika kwa kidole kimoja, na kwa kawaida huandika maneno machache tu ya kumwambia Bandula saa ya kukutana. Mara hii hakuishia hapo. Iranthi alikunja shati moja mara nne akisikiliza. Ilipofika mahali sauti zikakoma kabisa, kompyuta yake ikatoa taarifa: kuna ujumbe mpya kwenye ukurasa wa majadiliano wa Tissa Ellepola.

Ujumbe ulisema:

"Mdiria. Mimi ni Ellepola mwenyewe. Umeandika kwamba nimekana. Ni kweli nimekana. Sasa nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Mpira ulitoka kwenye ukingo wa gongo la mpigaji chini sana upande wa kushoto, nikajitupa, na nilipojitupa nilifumba macho. Mchezaji wa kiwango changu hafumbi macho, lakini mimi nilifumba. Nilipofumbua, mpira ulikuwa mkononi na wenzangu walikuwa wananikimbilia wakishangilia. Mwamuzi akaniuliza, Ellepola, umedaka safi? Enzi zetu neno la mdakaji lilitosha. Nikasema ndiyo. Sijui kama uligusa. Sikujua siku ile na sijui leo. Ile picha nimeitazama mpaka macho yanauma na bado sijui. Wewe ndiye peke yako uliyeandika kama mtu asiyejua. Wengine wote wanajua. Nimechoka kuomba ufutwe."

Iranthi alisoma mara moja, akasoma tena. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Halafu, na hapa ndipo uone ugonjwa wa watu hawa, kidole chake kilikuwa kimeshaanza kazi. Ujumbe ulitoka kwa mtu asiye na jina la kujiandikisha. Unadai kuwa ni mtu aliye hai. Unamwekea mtu huyo kinywani jambo la kumshushia heshima, bila chanzo chochote kilichochapishwa. Wahuni hufanya hivyo kila wiki, wanajifanya mchezaji fulani na kukiri mambo ambayo hakuyafanya. Kanuni haisemi subiri, inasema ondoa mara moja hata kama ni kwenye majadiliano. Alikuwa amewafundisha watu wengi kanuni hiyo, na angekuwa mtu mwingine yeyote angeifuata bila kufikiri. Akaifuata. Ujumbe ukatoweka, na pale pa sababu pakasomeka: "Madai kuhusu mtu aliye hai, hayana chanzo. Mwandishi hajathibitishwa."

Sebuleni kukasikika tik. Tik nyingine. Halafu sauti ya baba yake ikapenya ukutani, ya chini tu, kama anayeuliza ufunguo uko wapi.

"Umenifuta."

Iranthi alifunga kompyuta, shati bado mkononi.

"We binti. Nasema umenifuta."

Alitoka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha nyuzi, miwani kwenye paji la uso, tableti imelala mapajani. Hakuonekana mkali. Alionekana mtu aliyepanda ngazi ndefu akakuta mlango umefungwa.

"Nilisoma kabla ya kufuta," alisema Iranthi. "Nilisoma mara mbili."

Mzee akatikisa kichwa polepole.

"Umejua tangu lini, Baba?"

"Gampola," alisema. "Watu waliojua nimezaliwa Gampola ni watatu. Mama yangu ameshatangulia. Mama yako hajui hata hiki kidude kinawashwa wapi. Nikasema, ahaa, kumbe ndege ana kiota humu humu." Akavuta pumzi. "Ile Gampola ina chanzo?"

"Haina."

"Umeona. Unamkatalia baba yako, wewe mwenyewe unaandika ya kusimuliwa na bibi."

Iranthi alikaa chini sakafuni karibu na miguu yake, mahali alipokuwa akikaa zamani kusikiliza matangazo ya mechi redioni. Akamuuliza kwa nini, kama alijua, alikuwa akimtukana kila asubuhi mezani. Mzee akasema alikuwa anamngoja amuulize. Alidhani akimchokoza vya kutosha, binti atapandwa na hasira na kusema, Baba, uligusa au haukugusa? Yeye mwenyewe hakuweza kuanza. Kila alipofungua mdomo yalitoka maneno yale yale mawili, yameshazoea njia.

"Basi kiandike," alisema. "Kiandike kama nilivyokiandika."

"Siwezi."

"Mimi mwenyewe nakwambia. Chanzo ni mimi, ndiye niliyekuwepo."

"Wewe uko hai, Baba. Ungekuwa umekufa ingekuwa rahisi kidogo."

Mzee alimtazama, kisha akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Iranthi naye akacheka huku anafuta pua kwa shati alilokuwa bado amelishika. Walipotulia akamwambia yaliyokuwa yamemkaa moyoni. Kwamba yeye si mtu wa kuambiwa hili kwanza, wala kamusi elezo siyo. Yuko mtu Wattala ambaye amengoja zaidi yao wote, na Jumamosi atakuja kukaa safu ya mbele.

Mzee alizungusha tableti mapajani, akaigeuza juu, akaigeuza chini. Mwishowe akasema namba iko kwenye simu, alipewa na katibu, na kwamba ameshaibonyeza mara nyingi akakata kabla haijaita. Akamwomba yeye aipige. Vidole vyake, alisema, havina imani naye.

Iranthi akapiga, akaweka sauti ya kusikika na wote, akaiweka simu kwenye mkono wa kiti. Mzee mwingine akaitika. Nyuma yake mbwa alikuwa anabweka.

"Yoga," alisema mzee. "Ni Tissa."

"Nimekujua. Wamekuambia nakuja?"

"Wameniambia. Ngoja kwanza, kuna kitu." Akakisema. Alikisema vibaya, kwa kurudiarudia, akaanza na nyasi za uwanja wa Asgiriya na umande wa asubuhi, akapotea, akarudi, lakini akakifikisha: alifumba macho, mwamuzi aliuliza, akajibu ndiyo, na hakujua.

Yogarajah alimnyamazisha mbwa kwanza.

"Kwa hiyo hukujua," alisema Yogarajah.

"Sikujua. Mpaka leo."

"Ungesema hivyo hivyo, Tissa. Sijui. Ungesema sijui, mimi nabaki uwanjani. Penye shaka, haki ni ya mpigaji. Mwamuzi asingekuwa na la kufanya, angeniambia Yogarajah endelea. Hukutakiwa kusema umekosa. Hukutakiwa kujiaibisha. Sijui tu."

Mzee Ellepola aliinamia simu, sikio karibu na kioo.

"Miaka yote nimekaa nikidhani wewe unajua kwamba uligusa," aliendelea yule wa Wattala, na sauti sasa ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Nikakuchukia kwa raha zangu. Nilikuwa nimekuweka mahali pako. Sasa unanipigia siku ya Poya kuniambia hata wewe hujui. Nitamchukia nani?"

"Nichukie mimi tu," alisema mzee. "Sijabadilika."

"Tutaona. Jumamosi nakuja, mke wangu ameshapiga pasi shati." Akakata.

Mzee aliangalia simu mpaka kioo kikazima. Mvua ilikuwa imepungua, na lango likalia, Mama Swarna anarudi na mwavuli wake. Mzee akasema, kwa sauti ambayo Iranthi hakuwahi kuisikia kwake, kwamba maisha yake yote alikuwa akibishana na watu kama uligusa au haukugusa, kumbe si hapo alipokosea. Kisha akalia, wazi wazi, mikono ikiwa imelala magotini. Mama Swarna alimkuta hivyo akauliza nani amekufa. Iranthi akamwambia hakuna, na akaenda kuchemsha maji.

Siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha jioni Mdiria aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Mimi ni binti wa Ellepola. Nilipaswa kusema tangu mwanzo. Naomba radhi. Sitahariri tena makala hii. Pia, mahali pa kuzaliwa niliweka mimi bila chanzo." Wenzake hawakumkawiza. Mmoja alimshukuru, mwingine akamkaripia vizuri kabisa, na wa tatu akaifuta Gampola, ukurasa ukabaki bila kusema mzee amezaliwa wapi. Bandula alipiga simu akiwa haamini, akamwita Iranthi msaliti na mwanangu katika sentensi moja. Halafu, kwa kuwa mlinzi ameondoka, akaenda akafuta mstari.

Iranthi na baba yake waliketi bega kwa bega mbele ya kompyuta, wote wawili wamekatazwa kugusa. Mzee kwa kuwa ndiye anayeandikwa, binti kwa kuwa ni binti. Kila mara mmoja alibonyeza kuona kama kuna mabadiliko. Iranthi alikuwa ameikalia mikono yake. Mama Swarna akawaita kula, hakuna aliyeinuka. Na mstari ukarudi, umerudishwa na mtu ambaye hakuna hata mmoja wao anayemjua, pengine yuko ng'ambo ya dunia, na sababu yake ilikuwa: "Una chanzo."

"Nani huyo?" aliuliza mzee.

"Simjui."

"Hana kazi?"

"Hana kazi, Baba."

Jumamosi jukwaa lilifunguliwa. Mzee aliitwa kwenye kipaza sauti akatoa mfukoni hotuba aliyoandikiwa na Bandula, akaitazama, akairudisha mfukoni. Alisema siku ile mwamuzi alipomuuliza alijibu ndiyo, na jibu lake lilikuwa sijui, na kwamba neno hilo moja lingemwacha mwenzake uwanjani. Watu hawakujua wapige makofi au wanyamaze. Yogarajah, kwenye safu ya mbele na shati lake la pasi, hakupiga makofi. Wakati wa chai alikuja akasimama karibu na mzee na keki yake kwenye kisahani, na walisimama hivyo muda mrefu wakitazama watoto wakicheza uwanjani.

Gazeti moja liliandika habari hiyo, pembeni kabisa, chini ya matokeo ya shule. Siku mbili baadaye yule mtu wa ng'ambo aliiona na akaongeza sentensi kwenye ukurasa. Mzee akamwita Iranthi kutoka jikoni amsomee, ingawa miwani ilikuwa machoni.

"'Baadaye Ellepola alisema kwamba hakujua kama mpira uligusa ardhi, na kwamba alipaswa kumwambia mwamuzi hivyo.'"

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Hakuandika kwamba nilifumba macho."

"Hukusema kwenye kipaza sauti, Baba. Hakina chanzo. Hicho ninacho mimi."

Mzee aliitazama mikono yake, kisha kwa mara ya kwanza akaacha kuitazama, akamwangalia binti usoni. Akamwomba asome tena, polepole. Iranthi akasoma.